Hugs: chombo kidogo tulichokizika mapema



Leo naandika juu niko na deni. Kuna mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa informatike, aliyeniandikia kwamba wamepewa kozi ya programasyo ya fonksyo, na asista anataka kila mmoja awe na Haskell kwenye mashini yake kabla ya TP ya kwanza. Akaniuliza atelesharje nini. Mimi, na kiburi cha mtu aliyekwisha kupata diplome, nilimjibu bila kufikiri mara mbili: «Tafuta GHC, ile njo ya kisasa. Usipoteze wakati na vitu vya zamani.»

Siku mbili zikapita. Akaandika tena: «Kaka, ile kintu ulinielezea imemaliza mega yangu yote, na haiyafika ata nusu. Sasa nifanye aje?»

Ile forfe ilikuwa ya mwezi mzima. Alikuwa ameinunua na pesa ya transpo, akitumaini kwamba kazi ya kushusha itamalizika usiku mmoja. Na TP ilikuwa Jumatatu. Jumamosi mchana nilitafuta mu mtoto wa meza fulashi yangu ya zamani, ambamo kulikuwa bado interpreta ndogo inayoitwa Hugs, ile tuliyotumia wakati wetu. Nikampelekea. Baada ya dakika chache tu mashini yake ilikuwa inajibu. Yeye alifurahi, mimi nilibaki na haya. Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia wadogo kwamba Hugs imekufa, na neno hilo sasa lilikuwa limemgharimu mtoto wa watu mega za mwezi.

Kwa hiyo leo nataka kuipima Hugs upya, kwa haki, vile wengine wanapima kitabu ama filme. Nitasema wapi inafanya kazi vizuri, wapi inachosha, na nani anapashwa kuiweka kwenye mashini yake. Wale waliosoma sheria ama kilimo wasikimbie, nitaeleza polepole.

Haskell ni lugha ya programu ambamo kila kitu kinajengwa na fonksyo, sawa zile za hesabu tulizosoma sekondari: unaweka namba, inatoka namba, na ukiweka ile ile mara mia itatoka ile ile mara mia. Wazo lake lilianza mwaka 1987, wakati watafiti waliokutana Portland, Marekani, waliona kwamba kila chuo kiko na lugha yake ndogo ya namna hii na hakuna anayemuelewa mwenzake. Wakakubaliana kutengeneza moja ya wote. Maelezo yake ya kwanza yalitoka 1990, na jina walilichukua kwa mwanahesabu Haskell Curry.

Lakini lugha kwenye karatasi haitoshi, inahitaji programu ya kuisoma. Hapo kuna njia mbili. Kompilateri inachukua maandishi yako yote, inayageuza kuwa lugha ya mashini, ndipo unayaendesha. Interpreta inafanya sawa mkalimani aliyesimama pembeni: unasema sentensi moja, anaitafsiri palepale, unapata jibu, unasema nyingine. Kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza, mkalimani anafaa kuliko mtafsiri wa kitabu kizima.

Mwaka 1991 mtu mmoja, Mark P. Jones, alitoa interpreta ndogo iliyoitwa Gofer, ya lugha inayofanana sana na Haskell. Kutoka Gofer njo ilizaliwa Hugs, mwaka 1995. Jina lake ni herufi za kwanza za maneno yanayosema «mfumo wa Gofer kwa watumiaji wa Haskell», na mu Kiingereza neno hilo pia ni kukumbatia. Baadaye ikafuata kanuni za Haskell 98, na tangu hapo inaitwa Hugs 98. Toleo lake la mwisho ni la Septemba 2006. Kisha hapo, kimya. Hakuna toleo lingine lililokuja, juu GHC, ile kompilateri kubwa iliyoanzia Glasgow, ilikuwa tayari na mkalimani wake wa ndani, GHCi, na watu wote wakahamia kule.

Hii njo historia inayofanya watu kama mimi waseme «imekufa». Sasa tuangalie mambo yenyewe.

Tuanze na kushusha, juu kwetu mambo mengi yanaishia hapo hapo kabla hata hayajaanza. GHC ya leo, unapoichukua na chombo chake kinachoitwa GHCup, inashusha mega mamia, na kwenye Windows inaleta tena MSYS2, ambayo ni furushi lingine la vyombo. Ikishakaa kwenye diski, inapita gigabaiti moja. Mtu mwenye fibre nyumbani anaiacha inashuka huku yeye anakunywa chai. Mwanafunzi mwenye kushika konekisyo ya simu, usiku, wakati watu wamelala ili iwe nyepesi, hiyo ni safari ya hatari: umeme ukikatika katikati, ama mega zikiisha, mara nyingi unabaki na fishie nusu isiyofaa kwa chochote.

Hugs ya Windows, ile inayoitwa WinHugs yenye dirisha lake, nzima na maktaba zake, haifiki mega 20. Ni kama nyimbo chache tu. Inaingia kwenye fulashi yoyote, inapita kwa Bluetooth kutoka simu moja kwenda nyingine, na mtu mmoja akishaishusha, oditware nzima inaweza kuipata kabla ya saa sita. Na hapa nisisitize kitu ambacho wengi hawajui: kugawiana hivyo si wizi. Hugs iko na leseni ya namna ya BSD, inayoruhusu kunakili na kugawa, mradi tu ubakize jina la waliotengeneza na maneno ya leseni. Mara ngapi tumezoea kupita mlango wa nyuma na programu za kulipisha zilizovunjwa, zenye virusi ndani? Hapa mlango wa mbele uko wazi, na ni bure.

Ila kuna angalisho. Kitu cha zamani kinazunguka sana, na kuna watu wanaokizungusha na nia mbaya. Msitelesharje Hugs kutoka mahali popote penye kitufe kikubwa cha kijani. Ukurasa wake uko ndani ya haskell.org, chukueni pale. Mwenye kutumia Debian ama Ubuntu, kwa miaka mingi imekuwa mu depo zao, na inatosha kuandika mstari mmoja:

sudo apt install hugs

Kisha unaandika hugs, unabonyeza kitufe cha kuingiza, basi.

Kwenye Windows kuinstale ni kubonyeza mara mbili na kukubali maswali mawili matatu. Mashini mpya inaweza kukutolea onyo kwamba haimjui mwenye programu hii. Hapo ni wewe kujua fishie umeitoa wapi. Ni programu ya bits 32, lakini Windows ya bits 64 inaiendesha bila shida, na zile mashini za zamani zenye memori ndogo, zile tunazonunuaga zikiwa zimetumika, haziisikii hata uzito. Hapa ninaipa Hugs alama zote. Hakuna kitu cha kupanga baadaye, hakuna njia ya kuandika kwa mkono, hakuna kuzima na kuwasha mashini, na haiulizi intaneti tena mpaka siku ya mwisho.

Kuna mtego mmoja tu, na si kosa la Hugs. Mdogo wangu aliandika programu yake ya kwanza mu Notepad, akaiita kwanza.hs, na Hugs ikakataa kuiona. Tulipoteza nusu saa. Kumbe Notepad ilikuwa imeongeza mkia wake kimyakimya, na jina la kweli lilikuwa kwanza.hs.txt. Dawa yake: wakati wa kuhifadhi, chagua «fishie zote» badala ya «maandishi», ama weka jina ndani ya alama za kunukuu. Naandika hii hapa juu najua kuna mwingine atakayekwama palepale usiku wa kuamkia TP.

Ukiifungua, inakukaribisha na jina lake lililochorwa na vistari, toleo lake, na sehemu ya kuandika:

Hugs>

Sasa unaandika sum [1..10], inajibu 55. Unaandika take 5 [1..], na hapa mwanafunzi yeyote anashtuka kidogo. Maana [1..] ni orodha ya namba zisizo na mwisho, moja, mbili, tatu, mpaka milele. Mu lugha nyingi ukiomba kitu hicho, mashini inakufa. Haskell ni mvivu kwa makusudi: haifanyi kazi ambayo hakuna aliyeiomba. Umeomba tano za kwanza, inatengeneza tano, inakupa [1,2,3,4,5], inanyamaza.

Kitabu kinaweza kukuambia uvivu huo kwa kurasa kumi na usielewe. Hugs inakuonyesha. Andika :set +s, na tangu hapo chini ya kila jibu itaongeza mstari mdogo wenye namba mbili: hatua ngapi imefanya kufikia jibu, na vyumba vingapi vya memori imetumia. Jaribu take 5 [1..10], kisha take 5 [1..1000000]. Orodha ya pili ni kubwa mara elfu mia moja, lakini hesabu za hatua zinakaribiana sana. Mdogo wangu aliangalia zile namba, akarudia, akaangalia tena. «Kumbe haifike ata kule mbele!» Ndiyo, haifiki. Asista wake alikuwa ameeleza jambo hili wiki nzima, na jioni moja ya namba mbili chini ya jibu ilitosha.

Nilipenda tena namna Hugs inavyoshughulika na aina za vitu. Andika :type length, yaani uulize ile fonksyo ya kuhesabu urefu inakubali nini. Hugs inajibu:

length :: [a] -> Int

Maana yake: nipe orodha ya kitu chochote, nitakupa namba. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaisoma. Mu GHC, tangu toleo 7.10 la mwaka 2015, swali lile lile linajibiwa hivi:

length :: Foldable t => t a -> Int

Hii ni sahihi, na kwa mtaalamu iko na faida yake, juu fonksyo moja inatumika kwa orodha, kwa miti na kwa vingine. Lakini mwanafunzi wa siku ya kwanza amekutana na neno Foldable kabla hajajua orodha ni nini. Na kuna tokeo la ajabu: ukiandika mu GHC length (1,2), inakujibu 1. Jaribu kumweleza mtu kwa nini jozi ya vitu viwili iko na urefu wa moja! Maelezo yapo, lakini si ya wiki ya kwanza. Hugs inakataa palepale, inasema aina hazipatani, na kwa mwanafunzi hilo njo jibu analoweza kulitumia.

Kisha kuna kuanguka, na programu zote zinaanguka. Mwanafunzi anaandika fakitoria kwenye fishie yake:

faktoria 0 = 1
faktoria n = n * faktoria (n-1)

Anaipakia na :load, anaomba faktoria 30, anapata 265252859812191058636308480000000, namba nzima bila kukatwa mkia. Anafurahi. Kisha kwa kujaribu anaomba faktoria (-1). Hapo hakuna mwisho, maana kutoka -1 unashuka tu, huwezi kufika 0. Hugs inajaribu kidogo, inagonga ukuta wake, inasema ghala la hatua limejaa, inakurudishia nafasi ya kuandika. Umejifunza kitu. Mu GHCi, kwa kawaida yake, hesabu hiyo inaruhusiwa kula mpaka asilimia 80 ya memori ya mashini. Kwenye ordinatere ndogo, muziki unakatika, panya haisogei, na mwanafunzi anayefikiri ameharibu mashini ya kaka yake anabonyeza kitufe cha kuzima. Hapa udogo wa Hugs, ambao tulikuwa tunauchekelea, ni ulinzi.

Nimesifu ya kutosha. Sasa nigeuze upande wa pili, juu kama ningeishia hapa ningekuwa nafanya kosa lile lile nililofanya na GHC: kumtuma mtoto njiani bila kumwambia habari ya mashimo.

Shimo la kwanza: Hugs haikubali kutengeneza fonksyo pale unapoongea nayo. Unaweza kuuliza tu. Ukitaka kusema «x ni tano» na kuitumia baadaye, lazima uende kwenye fishie, uandike, uhifadhi, urudi, uandike :reload. GHCi inakubali let x = 5 palepale na inaikumbuka. Kwa mtu anayejaribu vitu vidogovidogo, kwenda na kurudi huko kunachosha, na kila nikiwa na Hugs nalalamika.

Shimo la pili: maneno yake ya makosa. Mara nyingine yako wazi, yanakutajia hata namba ya mstari. Mara nyingine yanaongea sawa nabii. Andika id peke yake, ambayo ni fonksyo halali kabisa, na Hugs inakuambia haipati njia ya kuionyesha. Mwanafunzi anafikiri ameandika vibaya, kumbe tatizo ni kwamba fonksyo haiwezi kuchapwa kwenye skrini sawa namba. Baya kuliko yote ni lile la kupanga mistari. Haskell inasoma nafasi za kuanzia mstari, na ndani yake inaweka alama za nukta mkato zisizoonekana. Ukikosea nafasi moja, Hugs inalalamika juu ya nukta mkato ambayo haikutarajia. Mtoto anatafuta fishie nzima, hakuna nukta mkato hata moja! Kwa ukweli inaongeza kwamba huenda ni mpangilio mbaya, lakini maneno hayo yako nyuma, na mtu aliyeogopa hasomi mpaka mwisho. GHC siku hizi inajitahidi zaidi: inaonyesha mstari wenyewe na inachora alama chini ya mahali penye shida.

Shimo la tatu: ukuta ule niliousifu unazuia pia kazi halali. Omba foldr (+) 0 [1..1000000], ambayo ni kujumlisha tu namba milioni moja, na Hugs inaanguka sawa vile ilianguka kwa fakitoria mbaya. Hapo haikulindi, inashindwa. Na hata isiposhindwa, iko polepole. Mwenye kutaka kufanya hesabu kubwa ya memware yake, asahau.

Shimo la nne njo kubwa, na linahusu wakati. Hugs ilisimama 2006, lugha haikusimama. Mwaka 2010 kanuni mpya zilitoka. Mwaka 2015 mambo ya ndani yalipangwa upya: leo mu GHC huwezi kuitambulisha Monad yako bila kuitambulisha kwanza kama Functor na Applicative. Mu Hugs unaweza. Maana yake, somo la zamani unalokuta mahali fulani litapita mu Hugs na litakataliwa mu GHC, na somo la jana litapita mu GHC na litakataliwa mu Hugs. Vitabu vyenyewe viligawanyika hivyo. Kile cha Graham Hutton wa Nottingham, Programming in Haskell, toleo la kwanza la 2007 lilikwenda na Hugs, na toleo la pili la 2016 limehamia GHC. Mwenye fotokopi ya lile la kwanza, Hugs inamfuata ukurasa kwa ukurasa. Mwenye PDF ya lile la pili, atafika mahali ambapo mashini na kitabu havisikilizani, na atadhani mjinga ni yeye.

Na maktaba? Ile hazina kubwa ambayo watu wa Haskell wamejenga kwa miaka hii yote imeandikwa kwa ajili ya GHC. Sehemu kubwa yake haifungui ndani ya Hugs. Ukitaka kutengeneza tovuti, ama kuongea na hifadhi ya data, Hugs si chombo chako.

Najua hapa kuna atakayesema: basi kwa nini kumfundisha mtoto na kitu kilichosimama 2006? Si tutamrudisha nyuma? Si wenzetu wa Ulaya wanaanza moja kwa moja na ya kisasa? Swali hili naliheshimu, juu lilikuwa langu. Lakini tuliangalie vizuri. Vitu vya wiki sita za kwanza, yaani orodha, fonksyo zinazojiita zenyewe, map na filter, aina, uvivu, havikubadilika tangu Haskell 98. Alichojifunza mdogo wangu na Hugs, hakuna hata kimoja alichopaswa kusahau. Aliyerudi nyuma kweli alikuwa ni yeye yule wa wiki ya kwanza, aliyekuwa na jina la chombo cha kisasa na fishie nusu isiyofunguka. Kusubiri ya kisasa bila kuandika mstari hata mmoja, hapo unajifunza nini?

Lakini pia nawakataa wale wanaosema tubaki na Hugs milele, kwamba kwetu inatosha. Haitoshi. Kusema «kwetu inatosha» ni namna ya kuwafungia watoto mu chumba kidogo na kukisifu chumba. Mwanafunzi anayepiga hatua ya Monad, ama anayetaka kazi ya kweli na lugha hii, lazima atoke. Na sisi tuliomaliza, wenye konekisyo ya ofisi, tuko na kazi ya kumsaidia kutoka: kushusha GHC nzima mara moja na kuileta kwenye diski ya nje, ikiwa pamoja na maktaba chache atakazohitaji, ili wanafunzi hamsini wasishushe kitu kile kile mara hamsini. Hilo linaweza kufanyika kwa mchana mmoja.

Hukumu yangu, basi. Kama chombo cha kufundishia mwanzo, kwenye mashini ndogo, mahali ambapo mega zinahesabiwa, Hugs bado ni kazi nzuri sana: nyepesi, kamili, inakaa bila intaneti, inaonyesha hatua zake, na inaanguka bila kuivuta mashini nzima. Kama chombo cha kazi, wakati wake ulipita. Mpe mtu Hugs na umwambie tangu siku ya kwanza kwamba ni ya kuanzia, umtajie yale mashimo manne, na kitabu kinachoenda nayo. Ukimpa bila kumwambia hivyo, utakuwa umemdanganya, sawa vile mimi nilimdanganya na GHC.

Na kabla ya kumshauri mdogo yeyote ainstale nini, tumuulize kwanza: mashini yako iko na memori ngapi? Mega zako ni za lini mpaka lini? Kozi yako inafuata kitabu gani? Mimi sikuuliza hata moja. Nilijibu kwa sekunde tano, yeye akalipa mwezi.

Kwa kumaliza hadithi: TP ya Jumatatu aliifanya, na wenzake wanne wakapata Hugs kutoka fulashi ile ile siku hiyo hiyo. Wiki ya saba nilimpelekea GHC kwenye diski ya nje, na sasa anaitumia. Hugs hajaifuta. Anasema akitaka kujua fonksyo inafanya hatua ngapi, anairudilia. Fulashi yangu bado hajanirudishia, na sitaiomba. Ile forfe nimemlipa, lakini deni la ushauri mbaya nalilipa hapa mbele yenu.

Mwenye kuona tofauti aandike chini, hasa bakubwa wanaofundisha kozi hii sasa. Na mwenye Hugs ya Septemba 2006 aliyoitoa haskell.org mwenyewe, aseme yuko mji gani, wadogo wamfuate na fulashi zao.